Amekosea Nani? Jibu kwa Katibu wa Kikundi

Swali: *Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi chetu. Katika kumbukumbu za kikao kilichopita niliandika hivi: "Mwenyekiti alimweleza mweka hazina kwamba amekosea hesabu, hivyo awaombe radhi wanachama na kuleta taarifa yake kikao kijacho." Wanachama waliposoma, wengine walielewa kuwa mwenyekiti amekiri kosa, wengine wakaelewa kuwa mweka hazina ndiye aliyelaumiwa. Maneno yakawa mengi, na hadi leo mweka hazina hanisemeshi. Nimeisoma sentensi hiyo mara kumi na sioni kosa la sarufi. Nimekosea wapi? Na je, dawa yake ni kurudia majina kila mahali kama mtoto wa darasa la pili?*

Marahaba, ndugu katibu, na pole kwa yaliyokupata.

Nianze kwa kukutoa wasiwasi: sarufi yako haina dosari. Upatanisho uko sawa, nyakati ziko sawa, hata mkato umeuweka mahali pake. Ulikuwa unatafuta kosa la sarufi katika sentensi ambayo tatizo lake ni kuwa na maana nyingi, na zote ni Kiswahili safi. Mimi nimekaa nayo na kuzihesabu.

Katika "amekosea" kuna kiambishi *a-*, nacho chaweza kumshika mwenyekiti au mweka hazina. Hapo ni njia mbili. Katika "awaombe" kuna *a-* nyingine ambayo haifungwi na ile ya kwanza: mwenyekiti anaweza kuwa ndiye aliyekosea kujumlisha, lakini mweka hazina, kwa kuwa ndiye mwenye daftari, akatakiwa kuomba radhi. Njia mbili tena. Halafu "taarifa yake". Ya mwenyekiti? Ya mweka hazina? Au ni taarifa ya hizo hesabu? Hapo njia ni tatu. Mbili mara mbili mara tatu ni 12. Sentensi yako moja, yenye maneno yasiyofika 20, imebeba maana 12. Nyingine ni za mbali na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezichukua, lakini zikibaki mbili tu zinatosha kuwatenga watu waliokuwa wakisalimiana.

Kwa nini hukuliona jambo hili? Nimehariri maandishi ya watu kwa miaka mingi, na ninaweza kukuambia kwamba mwandishi mwenyewe ndiye wa mwisho kuliona. Kuna kisa cha kivita ambacho huwa ninawasimulia wanafunzi wangu kuhusu hili.

Tarehe 25 Oktoba 1854, katika vita vya Krimea, karibu na Balaclava, jemadari wa Uingereza Lord Raglan alikuwa amesimama kilimani. Kutoka pale juu aliwaona Warusi wakijiandaa kukokota mizinga waliyoiteka asubuhi ile katika maboma yaliyokuwa yakilindwa na Waturuki. Akatuma amri ya maandishi kwamba wapanda farasi wasonge mbele upesi, wamfuate adui, na wajaribu kumzuia asiondoke na mizinga. Mizinga ipi? Karatasi haikusema. Raglan hakuona haja ya kusema kwa sababu alikuwa akiitazama kwa macho yake. Lord Lucan aliyeipokea amri hiyo alikuwa bondeni, na kutoka bondeni mizinga iliyotekwa haikuonekana. Akauliza ni mizinga gani. Kapteni Nolan, aliyeileta karatasi, akanyoosha mkono kuelekea mbele, ambako mizinga iliyopangwa ilikuwa ya Warusi wenyewe, mwisho wa bonde, imewaelekea. Wapanda farasi wapatao 670 wakaenda huko huko. Zaidi ya 100 waliuawa, Nolan akiwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Wewe, ndugu katibu, ulipoandika "amekosea" ulikuwa kilimani. Ulikuwamo kikaoni. Ulisikia sauti ya kila mmoja, ukaona nani aliinamisha kichwa na nani alifungua daftari. Ile *a-* yako ilipotoka kwenye kalamu ilikuwa na sura ya mtu kamili. Msomaji wako alikuwa bondeni, na kilichomfikia ni herufi moja. Ukiisoma sentensi hiyo mara kumi au mara mia utaendelea kumwona mtu yule yule uliyemwona tangu mwanzo.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna ugumu wa ziada hapa. Vitabu vya kufundisha uandishi husema "chunga viwakilishi vyako". Mwandishi mtiifu hupitia karatasi yake akitafuta *yeye* na *wao*, akakuta hayamo, akaridhika. Lakini katika lugha yetu kiwakilishi mara nyingi hakisimami peke yake. Kimeingia ndani ya kitenzi na kukaa kimya humo. "Alimwambia" ni neno moja lenye watu wawili, mmoja katika *a-* na mwingine katika *-m-*. "Aliponipa nikampelekea" ni maneno mawili yenye watu watatu, na *yeye* haimo hata mara moja. Tena *a-* haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, mzee au mtoto. Lugha nyingine hubagua hapo, na wanaotafsiri hadithi kutoka lugha hizo wanaujua uzito wake: mazungumzo ya bwana na bibi, yaliyokuwa wazi kabisa kule yalikotoka, yakifika kwetu yanakuwa "alimtazama, akamwambia, akamjibu", na msomaji hajui tena nani anatazama na nani anajibu. Mtafsiri hodari huingiza "yule bwana" na "bibi yule" pale inapobidi, hata kama kwenye maandishi ya asili hayakuwamo.

Lakini usidhani lugha yetu ni maskini. Tumepewa ngeli, na ngeli ni msaada mkubwa ambao wazungumzaji wa lugha nyingine nyingi hawana. Nikiandika "niliweka kikombe juu ya meza, kikavunjika", kila mtu anajua kilichovunjika. Nikiandika "ikavunjika", kila mtu anajua ni meza. Silabi moja imemaliza kazi. Ukisema "kombe halikuingia kwenye mfuko kwa sababu lilikuwa kubwa mno", *li-* inakupeleka moja kwa moja kwenye kombe. Lakini weka sanduku badala ya mfuko: "kombe halikuingia kwenye sanduku kwa sababu lilikuwa…" Hapo umekwama. Kombe na sanduku vimo katika ngeli moja, na itabidi usubiri kusikia "kubwa" au "dogo" ndipo ujue.

Sasa fikiria ni ngeli ipi iliyojaa zaidi katika kumbukumbu za kikao, barua za kazini, taarifa za habari na ujumbe wa familia. Ni A-WA. Mwenyekiti, mweka hazina, mwalimu, mgonjwa, daktari, jirani, shemeji, wote wamerundikana humo. Ngeli inatutenganishia kikombe na meza, ambavyo havina ugomvi, ikatuacha wenyewe tulipo na watu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ninayoifuata ninapohariri ni hii: sentensi yenye vitu inaweza kwenda haraka, lakini sentensi yenye watu wawili au zaidi lazima isimamishwe na kuhojiwa.

Mwaka 1972 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Terry Winograd, alitoa mfano uliokuja kuwa maarufu. Kwa lugha yetu ungekuwa hivi: "Madiwani waliwanyima waandamanaji kibali kwa sababu waliogopa vurugu." Nani waliogopa? Utajibu bila kufikiri kwamba ni madiwani. Badilisha neno moja: "Madiwani waliwanyima waandamanaji kibali kwa sababu walihimiza vurugu." Sasa ni waandamanaji. Kiambishi ni kile kile, *wa-*, na muundo ni ule ule. Kilichoamua ni ujuzi wetu wa dunia, kwamba wanaotoa vibali huogopa fujo na wanaonyimwa ndio hushukiwa kuzileta. Baadaye Hector Levesque wa Kanada na wenzake walipendekeza sentensi za namna hii ziwe mtihani wa kupima kama kompyuta inaelewa inachosoma, kwa sababu wakati ule mashine haikuwa na ujuzi huo wa dunia kama sisi.

Nimekuletea mfano huo kwa sababu ndani yake mna jibu la swali ambalo hukuniuliza, yaani kwa nini wanachama wako waligawanyika. Msomaji asipopata mwenye kitenzi ndani ya sentensi, humchukua kutoka kichwani mwake. Ujuzi wa dunia ukimwelekeza upande mmoja, wasomaji wote huelewa jambo moja na wala hawajui kwamba palikuwa na utata. Lakini katika habari yako, mwenyekiti angeweza kukosea hesabu na mweka hazina angeweza kukosea hesabu. Dunia haikusaidia. Kilichobaki cha kusaidia ni maoni ambayo kila mtu alikuwa nayo tayari kuhusu hao wawili. Aliyekuwa na shaka na mweka hazina alisoma lawama, na aliyekuwa na shaka na mwenyekiti alisoma ungamo. Hicho ndicho kinachonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito: kiwakilishi kisicho na mwenyewe hukaribisha dhana mbaya, kisha kila mtu huapa kwamba "imeandikwa".

Kabla ya dawa, ngoja nikuonyeshe mahali pengine ambapo mtego huu umetegwa, kwa kuwa ukitoka kwenye *a-* utakutana nao.

Uko katika *-wa-* ya mtendwa. "Nimezungumza na wazazi. Nitawapa majibu kesho." Nitawapa ninyi mnaosoma, au nitawapa wao wazazi? Kiambishi cha ninyi na cha wao ni hicho hicho. Lugha ina ufunguo wake, ila vijana wengi wameuacha, nao ni kuongeza *-ni* mwishoni: "nitawapeni", "nitawapigieni", "nimewaambieni". Ukiandika hivyo, wazazi wametoka nje ya sentensi. Kama unaona ni maneno ya kale, andika "nitawapa ninyi". Lakini usimwache mtu akisubiri majibu ambayo yamepelekwa kwa mwingine.

Uko katika *u-*. Mtu yuko safarini, na mzigo nao uko safarini. Unamwandikia "Umefika?" ukimaanisha mzigo. Anakujibu "Bado", kwa kuwa yeye bado yuko njiani, wewe unaanza kuutafuta mzigo ambao umekwisha kupokelewa. *U-* ya wewe na *u-* ya mzigo ni pacha. Andika "Mzigo umefika?" na umemaliza.

Na uko, kwa namna inayonisumbua kuliko zote, katika virejeshi. Soma hii: "Mzee aliyemshtaki jirani yake amefika." Nani mshtaki? Wengi watasema mzee. Lakini Kiswahili kinaruhusu pia mtenda kukaa nyuma ya kitenzi cha kirejeshi, kama tunavyosema "kitabu alichokisoma mwanafunzi", ambapo mwanafunzi ndiye aliyesoma. Kwenye kitabu hakuna shida kwa sababu kitabu hakisomi. Kwa watu wawili wa A-WA, "aliyemshtaki jirani yake" yaweza kuwa yule aliyepeleka mashtaka au yule aliyepelekewa. Mlalamikaji na mlalamikiwa wamevaa kitenzi kimoja! Hapa usibahatishe. Kama mzee ndiye mshtakiwa, andika "mzee aliyeshtakiwa na jirani yake". Kauli ya kutendwa, ambayo walimu wengine huwakataza watu wasiitumie ovyo, hapa ni mkombozi. Kama mzee ndiye mshtaki, "mzee ambaye alimshtaki jirani yake" inaeleweka vizuri zaidi kuliko ile ya mwanzo.

Sasa "yake" yako. Watu hudhani kimilikishi hufuata mwenye mali, lakini hufuata mali. *Y-* katika "taarifa yake" imekuja kwa ajili ya taarifa, na *-ake* iliyobaki haituambii chochote kuhusu mwenyewe, zaidi ya kuwa si mimi wala wewe. Hapa hata ngeli imetutupa mkono. "Asha alimpa Rehema simu yake" inaweza kuzungushwa siku nzima. Lakini tazama: "Asha alimrudishia Rehema simu." Kimilikishi kimetoka na maana imekuwa wazi kuliko mwanzo, kwa sababu hurudishiwi kitu kisichokuwa chako au ambacho hukuwahi kuwa nacho.

Hapo ndipo ninapotaka ufike, kwa kuwa ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Hapana, dawa si kurudia majina kila mahali, ingawa nitalitetea hilo pia. Dawa iliyo bora mara nyingi ni kuchagua kitenzi kinachofunga mlango chenyewe. Shida ya sentensi yako ilianzia kwenye "alimweleza". Kueleza ni kitenzi kipole kisichoegemea upande wowote. Mtu anaweza kueleza kosa lake, la mwenzake, au la mtu aliye mbali. Lakini ukiandika "mwenyekiti alikiri mbele ya mweka hazina kwamba amekosea hesabu", hakuna msomaji hata mmoja atakayemtazama mweka hazina, maana mtu hukiri lake. Ukiandika "mwenyekiti alimlaumu mweka hazina kwa kukosea hesabu", mwenyekiti ametoka salama. *A-* ya "amekosea" katika sentensi ile ya kukiri ni ile ile iliyokugombanisha na watu, lakini sasa imefungwa na kitenzi kilichotangulia. Kiswahili kimejaa vitenzi vya namna hii: kukiri, kuungama, kuahidi, kujitetea kwa upande mmoja, kulaumu, kukosoa, kuagiza, kuonya, kukumbusha kwa upande wa pili. Waandishi wa kumbukumbu huvikimbia kwa sababu vinaonekana vikali, wakajificha ndani ya "alieleza", "alisema", "alizungumzia". Upole huo ndio unaozaa ugomvi.

Vivyo hivyo kwa "awaombe radhi". Linganisha "aliahidi kuwaomba radhi" na "alimwagiza awaombe radhi". Katika ya kwanza, aliyeahidi ndiye atakayeomba. Katika ya pili, ni aliyeagizwa.

Kitenzi kinaposhindwa, nukuu. Andika maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, katika alama za kunukuu: Mwenyekiti alimwambia mweka hazina, "Nimekosea." Au: "Umekosea." Usemi wa taarifa hugeuza *ni-* na *u-* zote kuwa *a-*, kama mtu aliyemwaga mchele na ngano katika gunia moja. Usemi halisi huziacha kila moja mahali pake. Katika jambo linalogusa heshima ya mtu ninapendelea usemi halisi kuliko kitu kingine chochote, mradi una hakika na maneno yaliyosemwa.

Na kama vyote viwili haviwezekani, rudia jina. Najua ulifundishwa kwamba kurudia nomino ni udhaifu. Katika insha ya kueleza machweo ya jua, pengine ni udhaifu. Katika maandishi yatakayotumiwa kuamua nani alipe, nani aondoke na nani aombe radhi, ni adabu kwa msomaji. Wanasheria wamelijua hili zamani. Tazama mkataba wowote ulioandikwa vizuri: utakuta Muuzaji, Mnunuzi, Muuzaji, Mnunuzi, mpaka unachoka, na aliyeuandika hajali kwamba umechoka. Ana sababu. Akiandika "Muuzaji atamkabidhi Mnunuzi nyaraka zote zilizo mikononi mwake", tayari kuna kesi ndani ya neno "mwake". Katika nchi nyingi mahakama hufuata kanuni ya kale kwamba kifungu chenye utata, njia nyingine za kukifasiri zikishindwa, hufasiriwa dhidi ya upande uliokiandika. (Na kwa kuwa tumegusa mikataba: katika ile ya nyumba, usiwaite watu "mpangaji" na "mpangishaji". Yametofautiana kwa silabi moja tu, na jicho lililochoka huiruka. Andika "mpangaji" na "mwenye nyumba".)

Kuna pia *hilo*, *hiyo*, *hivyo*, vinapoachwa visimame peke yao. "Uongozi umepunguza wafanyakazi na kuongeza posho za wakuu. Hilo limewakasirisha wengi." Lipi limewakasirisha, kupunguza au kuongeza? Kwa hapa sina maelezo marefu: kipe kionyeshi nomino yake. "Nyongeza hiyo imewakasirisha wengi." Umeongeza neno moja, na umezuia barua tano za kuulizana.

Mtu anaweza kuniambia, mbona washairi wetu wanalificha hili kwa makusudi na tunawasifu? Ni kweli, na mimi ni mmoja wa wanaowasifu. Mshairi anayemwimba mpenzi kwa *a-* tupu, tusijue ni nani wala yukoje, ametumia uwezo wa lugha yake kwa ustadi. Wahenga walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Lakini fumbo lina mkataba wake: anayelitoa na anayelipokea wote wanajua ni fumbo. Mwanachama anayefungua kumbukumbu za kikao hakuja kugangua.

Mimi mwenyewe nilipata somo langu nilipokuwa kijana kazini. Nilimwandikia mwenzangu aliyekuwa likizo: "Nimezungumza na mkuu kuhusu msaidizi wako, na amekubali kuacha kazi." Nilimaanisha msaidizi. Mwenzangu alielewa kwamba mkuu ndiye anayeondoka, akawaarifu wengine wawili, na kufikia jioni kulikuwa na watu waliokuwa wakijadili nani atashika nafasi ya mtu ambaye hakuwa na habari yoyote. Nilikwenda kumwomba radhi mkuu ana kwa ana. Sijasahau uso wake. Tangu siku ile nina mazoea ambayo ningependa uyachukue, maana hayahitaji elimu kubwa.

Ukimaliza kuandika, usisome kwa ajili ya maana. Maana unaijua. Weka kidole kwenye kila kitenzi, kimoja kimoja, na uulize kwa sauti: nani? Kama kitenzi kina mtendwa ndani yake, uliza mara ya pili: kamfanyia nani? Jibu litafutwe kwenye karatasi, lisitafutwe kichwani. Kisha fika kwenye kila *-ake* na *-ao*, uulize: cha nani? Ukiona kidole kimesita, hapo pana kazi. Karatasi moja itakuchukua dakika chache tu. Na kama jambo ni zito, mpe asome mtu ambaye hakuwamo kikaoni, halafu mwombe akusimulie alichoelewa. Usimuulize "imeeleweka?", kwa sababu atasema ndiyo, na atakuwa mkweli: ameelewa, ila huenda ameelewa jingine. Mwache asimulie.

Zingatia hili zaidi katika ujumbe wa simu. Tukizungumza ana kwa ana, *a-* zetu huwa na wasaidizi: macho, kidole, kidevu kilichoelekezwa kwa mtu, sauti iliyopandishwa. "Mpe" inaeleweka kwa sababu umemtazama wa kupewa. Katika ujumbe tunaandika kama tunavyozungumza, lakini wale wasaidizi wote wamebaki kwetu.

Sasa turudi kwenye kumbukumbu zako. Usizifute wala usizibadilishe kimyakimya, maana zimekwisha kusomwa na atakayeona mabadiliko atadhani kuna linalofichwa. Kikao kijacho, mnapofika kwenye kusoma na kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, omba nafasi, sema kwamba sentensi yako ilikuwa na maana zaidi ya moja, soma marekebisho, na yaandikwe kwamba yamekubaliwa na wajumbe. Lakini kabla ya siku hiyo nenda kwa mweka hazina. Usimpelekee maelezo ya sarufi. Mwambie sentensi uliiandika wewe na kwamba hukupaswa kuiacha vile.

Marekebisho yenyewe ninayo, ila nimelazimika kuyaandika mara mbili, kwa sababu katika barua yako yote, ndugu katibu, hata mimi hukuniambia ni nani hasa aliyekosea. Chukua lile lililo kweli:

"Mwenyekiti alikiri mbele ya mweka hazina kwamba yeye mwenyekiti alikosea hesabu. Aliahidi kuwaomba radhi wanachama na kuleta taarifa ya marekebisho ya hesabu kikao kijacho."

Au:

"Mwenyekiti alimkosoa mweka hazina kwa kukosea hesabu. Alimwagiza awaombe radhi wanachama na alete taarifa ya marekebisho ya hesabu kikao kijacho."